Sungura wako analalia nini?

Tuseme ulimnunulia mwanao sungura mweupe wakati wa likizo. Seremala wa mtaani akakutengenezea kibanda cha mbao na waya, nawe ukakiweka kwenye ua wa nyuma au kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Kwa kuwa ulitaka mnyama huyo alale pazuri, ulimwomba seremala yule yule akujazie gunia la vumbi la mbao, naye akakupa bure.

Miezi miwili baadaye sungura anapiga chafya kila asubuhi. Pua imelowa kamasi. Nyayo zake za nyuma zimenyonyoka manyoya na zimekuwa nyekundu. Na mwanao, ambaye ndiye hukisafisha kibanda, ameanza kukohoa usiku.

Wazazi wengi hapo hukimbilia duka la agroveti kutafuta dawa ya mafua ya sungura, kisha duka la dawa kutafuta ya kikohozi cha mtoto. Ni wachache wanaoinama kutazama kile ambacho sungura analalia. Hata hivyo, aghalabu chanzo cha maradhi yote hayo huwa ni kimoja, nacho ni matandiko.

Makala haya yanakueleza jinsi ya kuchagua matandiko yanayomfaa sungura anayefugwa nyumbani, yapi uyaepuke, na jinsi ya kuyatunza ili yasimdhuru mnyama wala watu wa nyumba yako.

KWA NINI MATANDIKO NI MUHIMU

Makosa mengi hutokea kwa sababu watu humtandikia sungura kama wanavyomtandikia kuku. Sungura si kuku. Kuna mambo matatu katika maumbile yake ambayo ni lazima uyafahamu.

Kwanza ni nyayo. Mbwa na paka wana nyama ngumu chini ya miguu inayowakinga. Sungura hana. Kinachomkinga ni manyoya tu. Akikaa siku nyingi juu ya waya mtupu, saruji au matandiko yaliyolowa, manyoya hayo huisha, ngozi huchubuka, na kidonda huingia viini. Kidonda kikifika kwenye mfupa, kumponya ni kazi kubwa. Waliosema mdharau mwiba mguu huota tende ni kama walikuwa wakimtazama sungura. Walio wakubwa na wazito, kama wale wa aina ya Flemish Giant, ndio huumia zaidi.

Pili ni pua. Sungura hupumua kwa pua, si kwa mdomo. Pua ikiziba, yuko mashakani. Na pua yenyewe iko sentimita chache tu kutoka kwenye matandiko, mchana na usiku. Mkojo unapokaa kwenye matandiko, bakteria huuvunjavunja na kutoa gesi ya amonia. Ndiyo ile harufu kali inayowasha macho ukifungua kibanda kichafu. Gesi hiyo huchubua njia ya hewa ya sungura, na viini ambavyo pengine vilikuwa vimetulia puani mwake hupata nafasi ya kuleta mafua na hata nimonia.

Tatu ni tumbo. Sungura hutafuna kila kitu anacholalia, na maumbile hayamruhusu kutapika. Kitu kibaya kikishashuka kooni, kitapita au kitaziba. Uzi, nailoni na vitambaa huweza kuyaziba matumbo yake na kumuua.

Kwa hiyo, kabla hujaweka kitu chochote kibandani, jiulize maswali matatu: Je, kitabaki kikavu? Je, ni laini kwa nyayo? Je, akikila kitamdhuru? Kitu kikishindwa swali lolote kati ya hayo, kiache, hata kama ni cha bure.

NYASI KAVU NA MABUA

Nyasi zilizokaushwa vizuri ndizo hushinda mtihani huo kwa urahisi zaidi. Ni laini, hewa hupita katikati yake, na sungura akizila anakuwa amepata chakula chake cha asili. Nyasi huziweka sawa meno yake, ambayo hayaachi kukua maisha yake yote, na huyafanya matumbo yafanye kazi.

Hapa Kenya nyasi zinazopatikana kwa wingi ni zile za Rhodes, zinazouzwa kwa marobota. Marobota haya huuzwa katika maduka mengi ya vyakula vya mifugo mijini. Kabla hujalipa, chomoa nyasi kidogo kutoka katikati ya robota na uzinuse. Nyasi nzuri zina harufu tamu na rangi inayokaribia kijani. Zikinuka uvundo, zikiwa na madoa meusi au meupe, au zikitoa vumbi kama moshi unapozikung'uta, zina kuvu. Usizinunue. Vumbi la kuvu hudhuru mapafu ya sungura na huweza kuamsha pumu kwa binadamu.

Mabua ya ngano nayo yanafaa kwa matandiko, hasa wakati wa baridi, kwa sababu huhifadhi joto. Hayana lishe kubwa, kwa hivyo yasichukue nafasi ya nyasi za kula. Yakiwa magumu, yakatekate mafupi yasije yakamchoma macho.

Upungufu wa nyasi ni kwamba hazifyonzi mkojo vizuri. Ndiyo maana ni vyema kuweka kitu kingine chini yake, kama utakavyoona hapa mbele.

MARANDA NA VUMBI LA MBAO

Tofautisha vitu hivi viwili. Maranda ni vile vipande vyembamba vinavyojikunja mbao inapopigwa randa. Vumbi la mbao ni ule unga laini unaotoka kwenye msumeno. Vumbi halimfai sungura hata kidogo. Linaingia puani na machoni, linashikamana na sehemu zake za siri, na likilowa linakuwa kama uji.

Maranda yanaweza kutumika, lakini si ya kila mti. Miti yenye harufu kali, kama vile mtarakwa, saipresi na msonobari, ina mafuta yanayopaa hewani. Harufu hiyo sisi twaipenda, na watu huweka vipande vya mtarakwa kabatini kufukuza nondo. Kwa mnyama mdogo aliyefungiwa pamoja nayo usiku kucha, mafuta hayo huwasha njia ya hewa na kulipa ini kazi ya ziada. Kwa kuwa mbao nyingi zinazopasuliwa nchini ni za saipresi na msonobari, uwezekano ni mkubwa kwamba gunia ulilopewa ni la miti hiyo. Maranda yaliyokaushwa kwa joto kiwandani huwa yamepoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo, lakini yale yaliyotoka randani leo asubuhi bado yanayo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina madini ya shaba, kromu na aseniki, ambayo ni sumu. Vilevile kuna mbao za kubandikwa kwa gundi na zile zilizopakwa rangi au vanishi. Karakana ya seremala huchanganya mabaki ya hizi zote sakafuni, na ukishayazoa huwezi kuyatenganisha. Ikiwa huwezi kujua gunia limetoka kwenye mbao gani, usilitumie.

MAGAZETI

Gazeti hili unalolisoma lina kazi nyingine ukishalimaliza. Karatasi ya kawaida ya gazeti hufyonza mkojo vizuri, na wino unaotumika siku hizi hauna madhara makubwa sungura akitafuna kidogo. Lichane vipande vyembamba au litandaze tabaka kadhaa chini ya nyasi.

Kumbuka mambo mawili. Karatasi hulowa upesi na haizuii harufu, kwa hivyo ibadilishe kila siku. Pili, epuka majarida yenye karatasi za kung'aa, kwa kuwa hazifyonzi maji. Katoni za kawaida nazo zafaa, mradi umeondoa stepla, utepe wa nailoni na vibandiko vyote.

NGUO, MAGUNIA NA VITU VINGINE

Wako wanaomtandikia sungura taulo kuukuu au sweta ya mitumba. Nia ni njema, lakini taulo na sweta hutoa nyuzi. Uzi mmoja unaweza kumfunga ukucha, kujizungusha mguuni na kukata damu isipite, au kuishia tumboni. Ukitaka nguo, tafuta kipande cha blanketi lile laini lisilochomoka nyuzi hata ukilikata kwa mkasi. Mchunguze sungura wako kwa siku mbili tatu. Kama analitafuna, liondoe.

Gunia la nailoni ni hatari zaidi, kwani nyuzi zake ni kali na haziozi tumboni. Zulia kuukuu nalo lina kasoro hiyo hiyo. Sponji isiwekwe kabisa.

Mchanga wa paka unaouzwa madukani, hasa ule unaogandamana ukilowa, usitumike kwa sungura. Akiumeza hufura na kugandamana tumboni kama unavyofanya kwenye karai.

Maganda ya mpunga, ambayo wafugaji wa kuku huyapenda, yana ncha kali na vumbi, na hayafyonzi sana. Mwachie kuku.

JINSI YA KUTANDIKA

Ikiwa sakafu ya kibanda ni ya waya, usiifunike yote. Waya husaidia kinyesi na mkojo kuanguka chini. Badala yake, weka ubao wa kawaida usio na rangi wala dawa, unaotosha sungura kujinyoosha wote, kisha utandike nyasi juu yake. Hapo ndipo atakapopumzisha nyayo zake.

Ikiwa sakafu ni ya mbao au saruji, fuata utaratibu huu. Tandaza tabaka nne au tano za gazeti. Juu yake weka nyasi kavu zenye kina cha sentimita 5 hadi 8. Utagundua kwamba sungura huchagua pembe moja na kuifanya choo. Usishindane naye. Weka karai pana pembeni hapo, litie karatasi na nyasi, na sehemu kubwa ya mkojo itaishia humo. Kitanda chake kitabaki kikavu kwa muda mrefu zaidi, na kazi yako itapungua.

Hali ya hewa nayo itazamwe. Mwezi wa Julai, katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Limuru na Nyahururu, ongeza nyasi hadi ajichimbie ndani. Kwa mkazi wa Mombasa au Malindi mambo ni kinyume. Sungura hatoki jasho, na joto likipita nyuzi 30 humtaabisha vibaya. Punguza nyasi, weka kibanda kivulini penye upepo, na umwekee kigae cha sakafu kilichopozwa kwa maji ili ajilaze juu yake.

USAFI

Ondoa nyasi na karatasi zilizolowa kila siku, asubuhi au jioni. Mara moja kwa wiki toa matandiko yote, sugua kibanda, kikaushe juani, kisha utandike upya. Kibanda kisirudishiwe mnyama kikiwa na unyevu.

Kipimo ni hiki: inama hadi pua yako iwe sawa na pua ya sungura, kisha vuta hewa. Ukisikia harufu ya mkojo ikikuwasha, umechelewa. Usipime ukiwa umesimama, kwa maana sungura hapumulii huko juu.

Hapa kuna onyo kwa afya yako mwenyewe. Usimwage dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, juu ya kibanda kilicho na mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi yenye sumu inayoweza kukuumiza mapafu, hasa roshani ikiwa imefungwa au kibanda kikiwa ndani ya nyumba. Kwanza osha mkojo wote kwa maji na sabuni na usuuze. Ndipo upake klorini iliyozimuliwa, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, uiache dakika kama kumi, usuuze tena na ukaushe. Ule ukoko mweupe wa mkojo unatoka kwa siki. Lakini siki na klorini pia visichanganywe.

Matandiko machafu usiyarundike kando ya nyumba, kwani huvutia nzi na panya. Yafukie au uyatie kwenye shimo la mboji. Samadi ya sungura ni nzuri kwa sukuma wiki, na wakulima wengi nchini hukinga mkojo wake chini ya kibanda ili kuuzimua kwa maji na kuutumia shambani.

SUNGURA MWENYE MIMBA

Sungura hubeba mimba kwa siku 31 hivi. Ifikapo siku ya 28 mwekee sanduku la kuzalia, lenye urefu wa takriban sentimita 45 na upana na kimo cha sentimita 30, lililofunguliwa juu. Lijaze nyasi kavu laini. Mama atazipanga mwenyewe kwa mdomo, kisha atajing'oa manyoya ya kifuani na tumboni kuyaongezea.

Usimzuie, na usiyaondoe manyoya hayo. Wana huzaliwa bila manyoya na macho yakiwa yamefumba, hadi siku ya kumi hivi. Joto lao lote linatoka kwenye kiota hicho. Usiwatilie pamba ya dukani, kwa kuwa nyuzi zake huwazunguka miguu na shingo. Kagua kiota kila siku, utoe mwana aliyekufa na nyasi zilizolowa, na uongeze kavu.

AFYA YA WATOTO WAKO

Sungura aliyetunzwa vizuri si hatari kwa familia. Matandiko machafu ndiyo yanayoleta matatizo.

Vumbi la nyasi, kuvu, manyoya na amonia huweza kumzidishia mtoto mwenye pumu. Mtoto wa aina hiyo asipewe kazi ya kubadilisha matandiko. Afanye mtu mzima, nje ya nyumba, akiwa amefunika pua na mdomo. Kibanda kisiwekwe katika chumba anacholala mtoto.

Choa huambukiza kutoka kwa sungura hadi kwa mtoto, na kuvu yake hukaa kwenye matandiko. Ukiona sungura ana mabaka yasiyo na manyoya, na mwanao ana duara linalowasha mkononi au mapunye kichwani, watibiwe wote wawili, na matandiko yote yachomwe. Wadudu wa upele wa sungura nao huweza kumwasha mtu anayempakata. Kila aliyemshika sungura au matandiko yake anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili azidishe tahadhari na asishike matandiko yenye mkojo.

Ukimwona sungura na viroboto au upele, usimpulizie dawa ya mbwa. Fipronili, dawa ambayo hutumika sana kwa mbwa na paka, huweza kumuua sungura. Muulize kwanza daktari wa mifugo.

DALILI ZA KUKUFANYA UMWONE DAKTARI

Mchunguze sungura wako angalau mara mbili kwa wiki. Mpindue kwa upole mapajani mwako utazame nyayo, tumbo na chini ya mkia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa ukiona mojawapo ya haya:

Nyayo zimenyonyoka, ni nyekundu au zina kidonda.

Anapiga chafya mara kwa mara, ana kamasi, au manyoya ya ndani ya miguu ya mbele yameshikamana. Sungura hupangusa pua kwa miguu hiyo, kwa hiyo hapo ndipo utakapoona ushahidi hata kama pua ni safi.

Manyoya ya chini ya mkia yamelowa au yana kinyesi. Nzi hutaga mayai hapo, na mabuu yanaweza kuanguliwa katika muda wa siku moja na kuanza kumla akiwa hai. Hilo ni jambo la dharura.

Hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12. Hilo pia ni la dharura, kwani huenda matumbo yamesimama au yamezibwa na kitu alichotafuna. Usingoje kesho.

Sasa turudi kwa yule mtoto na sungura wake mweupe. Jioni ya leo kabla hujanunua chupa yoyote ya dawa, toa gunia lile la vumbi la mbao. Osha kibanda, kikaushe, tandaza magazeti, weka ubao wa kupumzikia na nyasi safi juu yake. Mpeleke sungura akaangaliwe nyayo na pua, na mtoto akapimwe kifua, kwa sababu matandiko mapya hayaponyi kidonda kilichokwisha kuingia viini wala hayaondoi pumu. Lakini dawa nayo haitafua dafu iwapo wote wawili watarudi kuvuta hewa ile ile. Baada ya hapo, kila asubuhi kabla hujaondoka kwenda kazini, inama kidogo mlangoni mwa kibanda na unuse.